Msukuma Aliyemtunza Mkwe Wangu

Tangu nirudi Ilomba nimesimulia safari hii mara kumi na moja, na kila mara kuna msikilizaji aliyenisahihisha. Mama mmoja wa kwaya alinieleza, mimi mwenyewe niliyekuwapo, kwamba tulikufa watu sita. Hatukufa. Mwingine anasema tulifungiwa ndani ya basi tukala viazi vibichi. Hatukula. Kwa hiyo nimeona niandike, kwa ajili yenu wanne mnaoshona nami barazani, ili nipumzike kujibu. Mkishasoma mnirudishie daftari, na tafadhali msimsomee mzee yeyote wa ukoo wa mume wangu. Sababu mtaikuta mbele.

Ilomba

Ninyi wawili ni Wasafwa, mmoja Mbena na mmoja Mchaga, hivyo lazima kwanza nieleze jambo ambalo Mnyakyusa haelezwi. Kwetu mke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akisikia anakuja, anajifunika kanga na kupita nyuma ya nyumba. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, lakini ukoo nilioolewa mimi haujaacha kitu. Miaka tisa nimeishi ua mmoja na Baba Mkwe, na nilimjua kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo yake tu. Anayevunja mwiko huo anarudishwa kwao mpaka mambo yatengenezwe, na wazee wanasema tumbo lake hufunga. Mimi nina mtoto mmoja na bado namtafuta wa pili. Mnaelewa.

Sasa Baba Mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulipata habari kwamba daktari wa macho angekuja Iringa kupasua watu kwa wiki mbili, kisha aondoke. Atakayechelewa angoje mwaka mwingine, na kwa umri wake Baba Mkwe hakuwa mtu wa kuambiwa angoje mwaka mwingine. Mume wangu yuko kazini Mlimba kwenye reli, hakupewa ruhusa. Shemeji aliyekuwa amsindikize aliangukiwa na gogo mguuni siku mbili kabla. Mama Mkwe magoti yake hayapandi ngazi ya basi. Ndani ya nyumba nzima nikabaki mimi, mtu pekee aliyekatazwa.

Mama Mkwe akatoa hukumu. "Utampeleka bila kumpeleka," alisema. "Yeye mbele, wewe nyuma. Ukiwa na neno, mwambie mtu amwambie."

"Lakini mama, si haoni?"

"Yeye haoni. Wewe nawe umepofuka?"

Nikafungasha ndizi.

Mbeya hadi Chimala

Baba Mkwe aliketishwa kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Mimi nilikaa kiti cha mwisho kabisa, kile kinachorusha mtu. Katikati yetu walikuwa abiria arobaini, mitungi, na kuku wa watu. Mjumbe wangu alikuwa kondakta, mtu mzima mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Mwambie yule mzee kuna ndizi kwenye kikapu chake," nilimwomba tulipopita Uyole.

"Mzee! Mama wa nyuma anasema ule ndizi!"

"Mwambie aliyesema kwamba nimesikia."

"Mama! Anasema amesikia!"

Baada ya safari ya nne ya namna hiyo kondakta alikata shauri kwamba tumegombana. Alisimama katikati ya basi akatoa mawaidha marefu juu ya kusameheana, akitaja ugonjwa uliokuwa umeingia nchini na jinsi ambavyo hakuna ajuaye siku yake. Abiria walimuunga mkono. Mama mmoja mnene wa Kihehe aliyekaa mbele yangu, Mama Vumi, mkazi wa Iringa, aligeuka akanishika goti. "Dada, mzee wa watu yule. Hata kama alikunyima shamba, nenda kamwombe radhi."

Nilimweleza mila. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hamjagombana?" aliuliza. Nikasema hapana. "Basi mtapatana tu," akasema, na akanipa muhogo wa kuchoma.

Chimala alipanda mtu mrefu mwenye shuka begani na fimbo, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidole vyote. Alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe zao kule Usangu. Basi zima lilipungua sauti. Redio ilikuwa ikisema kila siku kwamba kipindupindu kimetokea pwani, na mtu huyu alitoka Shinyanga, tena miaka mitatu iliyopita, lakini watu walipomwona mgeni walisahau ramani. Waliokuwa na nafasi pembeni yao waliijaza mizigo. Kiti kilichobaki kilikuwa karibu na Baba Mkwe, ambaye hakuwa na mzigo wa kuweka wala macho ya kuogopea.

"Shikamoo, muzee," alisema yule mtu. "Mimi Masanja."

Baba Mkwe alinyoosha mkono wa salamu. Nilimwona anapapasa kile kitambaa, halafu akatoa pole, na Masanja akajibu kwamba ni ng'ombe dume, alimpiga pembe. Nilidhani mazungumzo yataishia hapo. Kumbe Mnyakyusa na Msukuma wakishaanza ng'ombe hawamalizi. Walizungumza ng'ombe mpaka Igawa, na kondakta alikosa nafasi ya kupitisha ujumbe wangu kuhusu maji ya kunywa.

Igawa, siku ya kwanza

Igawa kulikuwa na gogo barabarani, beseni la dawa la kukanyaga, na Bwana Afya. Alikuwa kijana wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata akitoa amri ya choo. "Mabibi na mabwana," alisema, "gari lililotangulia lilishusha mgonjwa hapa asubuhi. Nasikitika kuwaarifu kwamba hamtaendelea. Mtakaa nasi siku tano." Alichukua ufunguo wa dereva akautia mfukoni. Dereva alibaki ameshika usukani kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Siku tano! Nilihesabu kwa vidole. Daktari wa Iringa alibakiza siku saba.

Kila abiria alipaswa kushuka, kukanyaga dawa na kumeza vidonge mbele ya askari mgambo. Baba Mkwe aliposhushwa mlango wa mbele, mimi ilinibidi niruke mlango wa nyuma na kuzunguka basi. Alipogeuzwa upande wangu nikazunguka tena. Mgambo aliyeniona alidhani nakwepa vidonge. Alinikamata kwenye gurudumu, akanimezesha, kisha mwenzake wa upande wa pili naye akanikamata akanimezesha tena. Nikapelekwa kwa Bwana Afya.

"Bibi, unamkimbia nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Namheshimu."

Bwana Afya akaandika kitu kwenye daftari lake.

Tulipelekwa shule ya msingi, wanafunzi walikuwa likizo. Wanaume darasa la nne, wanawake darasa la tano. Bwana Afya akatusomea sheria: watu wasipeane mikono, wasile sahani moja, wasikaribiane, kila mtu na kikombe chake, anayetoka apige kelele ili wengine wampishe. Watu waliona mateso. Wahehe walipinda magoti kusalimiana huku mikono ikiwatoka yenyewe. Wasangu wawili ndugu walilia kwa kukatazwa bakuli moja. Mimi nilikuwa na uzoefu wa miaka tisa. Nilijua kupita bila kukutana, kuacha chakula mahali mtu akikute, kusikia hatua na kuondoka mapema. Kufika jioni Bwana Afya alisimama uwanjani akaninyooshea kidole. "Mtazameni bibi yule," alisema. "Fanyeni kama yeye anavyofanya kwa mkwewe."

Na walifanya. Kesho yake watu wa makabila saba walikuwa wanajificha nyuma ya miti kwa adabu, kila mmoja akimfanya mwenzake mkwe. Kondakta alimkimbia Mama Vumi kwa heshima kubwa.

Igawa, siku ya pili na ya tatu

Asubuhi ya siku ya pili Masanja alikuwa amemwongoza Baba Mkwe chooni, yeye akishika fimbo upande huu, mzee upande ule. Baada ya muda walikwenda tena. Baada ya muda mfupi zaidi, tena. Mara ya nne Baba Mkwe hakufika chooni.

Darasa la nne likamwagika uwanjani kwa dakika moja. Wanaume wazima walipita madirishani. Bwana Afya akamhamishia Baba Mkwe stoo ya majembe, peke yake, juu ya kitanda cha kamba, kisha akatuita. Hakuwa na maji ya mshipani hata chupa moja. Ingembidi aende Chimala kwa baiskeli kuyaleta na kuomba gari la wagonjwa, naye hakujua atarudi leo au kesho.

"Mpaka nirudi, huyu mzee ataishi kwa kunywa tu," alisema. "Lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko sita vya chai vya sukari, chumvi nusu kijiko. Kila akitoka, mnywesheni. Akitapika, ngojeni kidogo, mnywesheni tena polepole. Asiponyweshwa, sitamkuta."

Alisema hivyo hivyo: sitamkuta.

"Nani ana sukari?" akauliza.

Mnakumbuka sukari ilivyokuwa inatafutwa. Tulikuwa abiria arobaini na kitu, wengi Wakristo na wengine Waislamu safi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona sukari. Kondakta alitazama angani. Bwana Afya akapanda baiskeli yake, akatuambia, "Mungu awasimamie," akaondoka.

Mama Vumi ndiye aliyetangulia. Alikwenda darasani, akarudi na kibuyu, akatoa kizibo, akamimina unga wa ulezi juu ya kanga mpaka chini kikaonekana kifuko. "Ya harusi ya mwanangu," alisema. "Harusi watakunywa uji." Akakiweka mezani bila kumtazama mtu. Halafu dereva akavua kiatu. Wale ndugu wawili wa Kisangu wakafungua redio yao kwa nyuma, na mahali pa betri palikuwa na sukari. Kondakta alisema anakwenda kujisaidia, akarudi na pakiti nzima ambayo alidai ameiokota. Hakuna aliyemwuliza ameiokotea wapi.

Maji yakachemshwa, sukari ikapimwa, ndoo ikawa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia stoo.

Masanja alisimama. "Mimi nitaingia. Ng'ombe akiharisha tunamunywesha, tunamusafisha. Mutu ni hivyo hivyo." Lakini kitambaa chake kilikuwa kimelowa damu na usaha, na Bwana Afya alishamkataza kabisa kugusa mgonjwa na kidonda wazi. Wengine wote walitazama viatu vyao. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Walikuwa na watoto nyumbani, na mzee yule hakuwa wao. Alikuwa wangu.

Nilikwenda nyuma ya darasa nikalia. Niliogopa ugonjwa, lakini nisiwadanganye, niliogopa zaidi mwiko. Kumnywesha mkwe ni jambo moja. Kumvua, kumwosha, kumfulia nguo aliyojichafulia, hilo kwetu halina hata jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri litatokea. Na yeye mwenyewe angeona heri afe kuliko kujua kwamba ni mimi. Angefumba mdomo. Namjua kwa kikohozi chake, mtu yule ni mkaidi.

Masanja alinikuta huko. Alisimama mbali, kama sheria ilivyosema. "Mama," aliniita, "muzee haoni?"

"Haoni."

"Sauti yako anajua?"

"Hajawahi kuisikia karibu. Lakini ya mwanamke ataijua tu kwamba ni ya mwanamke."

Alifikiri huku akichora chini kwa fimbo. "Basi wewe kuwa mikono. Mimi nitakuwa mudomo. Ninakaa mulangoni, ninaongea. Wewe nyamaza."

Ndivyo tulivyofanya. Nilivua bangili zangu, nikafunga kitambaa puani, nikaingia kwenye stoo. Masanja alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwenye nguzo. "Muzee, ni mimi Masanja. Nimekuja kukutunza. Usione haya, mimi ninatunza ng'ombe sitini."

Baba Mkwe alikuwa amekwisha. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nikamwinua shingo, nikaweka kikombe mdomoni. "Kunywa, bhabha," akasema Masanja. Akanywa. Akatapika. Tukangoja. Akanywa tena.

Hayo mengine niliyofanya mle ndani siyaandiki. Mmelea watoto, mnajua. Nilifanya kwa mikono hii hii inayowapimia mabega.

Kufika mchana Masanja aliishiwa maneno. Si mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Kwa hiyo akaanza kuwataja ng'ombe wake. Kila kikombe alikipa ng'ombe. "Hiki cha yule mweusi mwenye doa, kunywa. Hiki cha yule jike aliyezaa mapacha, kunywa." Tulikuwa tumefika ng'ombe wa ishirini na moja Baba Mkwe alipoacha kumeza. Maji yalimtoka pembeni mwa mdomo. Nilishika kifundo cha mkono wake nikitafuta mshipa, sikuupata, nikautafuta tena. Masanja aliona uso wangu, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipomtazama hasa. Miaka tisa sikuwahi kuuona uso ule kwa karibu. Ulikuwa uso wa mume wangu, umeongezwa miaka. Paji lile lile, hata kile kidonge cha nyama nyuma ya sikio ambacho mwanangu anacho. Nilimpenda mzee yule, na kabla ya siku hiyo sikuwa na namna ya kujua. Nilitaka kumwita. Mdomo ulishafunguka, nikaufunga kwa mkono. Nikamtazama Masanja, nikapiga ukuta kwa kiganja: sema! sema chochote!

"Muzee!" alipiga kelele. "Ng'ombe yangu moja ina pembe moja! Unasikia? Pembe moja tu, na inashinda madume yote!"

Tukangoja. Kisha mdomo wa Baba Mkwe ukatikisika. "Iliyobaki," alisema, sauti imekauka, "ni ya kulia au ya kushoto?"

"Ya kulia, bhabha! Kunywa!"

Akanywa. Mama Vumi aliyekuwa anachungulia dirishani na uji wa ulezi alitoka mbio kuutangazia uwanja mzima habari ya ile pembe.

Jioni alipata nguvu za kushika kikombe pamoja nami. Kidole chake kikatambaa juu ya kidole gumba changu, pale nilipoungua na pasi ya mkaa mwaka ule mnaoukumbuka. Kikasimama. "Msukuma," alisema, "mikono yako laini."

Nikamgeukia Masanja.

"Mafuta ya ng'ombe, bhabha," akajibu Masanja kutoka mlangoni.

"Na hili kovu?"

"Moto."

"Moto," alirudia Baba Mkwe, kana kwamba anapima neno hilo. Akamaliza kikombe.

Bwana Afya alirudi siku ya tatu na chupa zake na gari la wagonjwa. Alimkuta mzee amekaa kitandani anabishana na mlango kuhusu bei ya fahali. Akamtundikia chupa hata hivyo, kwa sababu ya mwendo aliokuwa amekwisha kwenda, akalirudisha gari tupu. Hakuna mtu mwingine aliyeugua. Bwana Afya alisema ni sheria zake. Kondakta alisema ni maombi. Masanja alisema ni ng'ombe.

Siku ya tano tulipewa vyeti na dereva akapewa ufunguo. Masanja hakupanda. Alisema amekaa mbali na mifugo vya kutosha, safari yake itangoja. Nilimpa mkono nikiwa nimesahau sheria na kidonda pia. Aliuficha nyuma. "Bado, mama," alicheka. "Mimi mukwe wako." Akaondoka kwa miguu kuelekea bondeni, na nilimtazama mpaka shuka lake likawa nukta.

Iringa

Tulifika Iringa daktari akiwa amebakiza siku mbili. Mama Vumi hakuniuliza nitalala wapi. Alimshika Baba Mkwe mkono, akaniamuru nifuate hatua ishirini nyuma, tukapanda naye kilima hadi hospitali. Mlangoni walituogopa waliposikia Igawa, hivyo akawasomea cheti kwa sauti, mhuri hadi mhuri. Muuguzi akauliza nani ndugu wa mgonjwa.

"Yule pale nyuma ya ua," akasema Mama Vumi.

"Mbona hasogei?"

"Ndiyo heshima yao. Andika."

Nililala kwake Kihesa siku tisa. Alinilisha kama mzazi, na alinichosha kwa maswali ya mila yetu, ambayo aliyaona ya ajabu, mpaka mkwewe wa kiume alipokuja kusalimia nikamwona yeye mwenyewe anakimbilia jikoni na kujifunika kanga.

Siku ya kufungua bandeji nilisimama nje ya dirisha la wodi, chini kabisa. Nilimsikia Baba Mkwe akisema, "Huo ni ukuta?" Muuguzi akasema ndiyo. "Umepakwa rangi vibaya," akasema Baba Mkwe. Niliketi kwenye majani nikashukuru.

Kurudi

Kurudi ilikuwa kazi zaidi kuliko kwenda, kwa sababu sasa aliona. Alikaa mbele, mimi nyuma. Kutoka Iringa mpaka Mbeya hakugeuza shingo hata mara moja. Kabla hatujafika Mafinga alimwambia dereva, "Geuza hicho kioo chako, kinanionyesha watu." Dereva akakataa, ni kioo cha kazi. Baba Mkwe akavuta kofia mpaka kwenye nyusi akasafiri hivyo, na macho yake mapya.

Igawa aliomba basi lisimame. Gogo lilikuwa limeondolewa, na wachuuzi wamerudi barabarani na vitunguu vyao. Aliuliza huku na huku habari za Masanja. Wakamwambia amehamisha mifugo, wapi hawajui. Akaingia duka lililokuwa karibu, akatoka na kitenge cha buluu chenye picha za kuku. Nilimsikia akimweleza kondakta kwamba ni zawadi ya Msukuma aliyemtunza.

Nilimsikitikia huko nyuma. Nilifikiri macho yamepona lakini bado hayajajua kutenganisha nguo ya mwanamume na ya mwanamke.

Tulipofika Ilomba wazee wa ukoo walikuja kumpa pole. Walikaa barazani, mimi nikiwa jikoni, ukuta mmoja katikati. Walifurahia macho. Kisha mkubwa wao, ambaye safari hii haikumpendeza tangu mwanzo, akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu stoo ya majembe. "Tumesikia uliugua njiani. Mtu akiugua ugonjwa ule anashikwa, anaoshwa. Ni nani aliyekushika?"

Sufuria ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini ili isilie.

"Msukuma," alisema Baba Mkwe.

"Peke yake?"

"Peke yake. Mtu mwema sana. Alikuwa na mkono mmoja mbovu, umefungwa kitambaa hadi vidoleni. Lakini alininywesha kwa mikono miwili mizima, laini, na kidole gumba kimoja kina kovu la pasi."

Kile kitambaa! Siku mbili tulijisifu kwa ujanja wetu, mimi na Masanja, na Baba Mkwe alikuwa amekipapasa kitambaa kile tangu Chimala. Alijua tangu kikombe cha kwanza. Na alikunywa.

"Wasukuma wako namna nyingi," akasema mkubwa wao hatimaye.

"Wako," alisema Baba Mkwe. Wakahamia habari za mvua.

Walipoondoka, Mama Mkwe alikuja jikoni akichechemea na kile kitenge cha kuku. Alikiweka mapajani mwangu, akatazama motoni.

"Mzee anasema umfikishie yule Msukuma," alisema. "Anasema wewe ndiye unayejua anakoishi."

Nimekishona gauni, la mikono mirefu. Ndilo hili mlilokuwa mnaniuliza nimelipata wapi.